Uzi: Carnegie Hall, jumba la muziki lililoponea chupuchupu nyundo ya wabomoaji

Mbeba Maboksi:

Wakuu, heshima kwenu.

Wiki iliyopita kwenye uzi mmoja wa majengo ya zamani kuna mdau alisema jengo likizeeka dawa yake ni kulishusha, eti Wamarekani wameendelea kwa sababu hawana huruma na makuta. Nilicheka peke yangu kwenye treni mpaka jirani akanitazama. Usiku huohuo nilikuwa natoka kukaa saa mbili ndani ya makuta ya mwaka 1891, katikati kabisa ya Manhattan, kona ya Mtaa wa 57 na Seventh Avenue. Makuta hayo yaliwahi kuuzwa, mchoro wa ghorofa la kuyarithi ukatoka gazetini, muda wa kubomoa ukapangwa. Yapo mpaka leo. Nikaahidi uzi, na ahadi ni deni.

Jumba linaitwa Carnegie Hall. Kwa nje halina makuu: matofali membamba ya rangi ya kutu, madirisha ya matao, basi. Mgeni aliyezoea kuinua shingo kutazama vioo anaweza kulipita asijue amepita wapi.

Habari inaanzia melini. Mwaka 1887 Andrew Carnegie, tajiri wa chuma aliyezaliwa Scotland, alikuwa kwenye fungate na mkewe Louise wakivuka Atlantiki. Bwana harusi ana miaka 51, msishangae, mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia na ndipo akaoa. Melini humo alikuwemo kijana wa miaka 25, Walter Damrosch, anaenda Ujerumani kunoa kazi yake ya kuongoza okestra. Baba yake alikuwa amemwachia urithi wa lawama: okestra ya New York Symphony na kwaya kubwa iitwayo Oratorio Society, vyote havina nyumba. Wanaimba leo ukumbi huu, kesho ule. Louise mwenyewe alikuwa mwanakwaya humo. Kijana akamwaga shida zake kwa tajiri, na tajiri wala hakuchangamka kivile. Ukiniuliza mimi, jumba hili ni la Louise, mumewe alilipa tu. Na ndiye aliyeshika mwiko siku ya kuweka jiwe la msingi, Mei 13, 1890.

Msanifu alikuwa William Burnet Tuthill, ambaye hakuwa amewahi kujenga ukumbi wa muziki hata mmoja. Kwetu Bongo angenyimwa zabuni. Ila jamaa alikuwa anapiga selo, ile fidla kubwa inayopigwa umekaa, na alikuwa mmoja wa viongozi wa kwaya ileile. Yaani alikuwa anajenga nyumba atakayokuja kuimbiwa humo, na mtu wa namna hiyo hachezei sauti.

Sasa sikieni kichekesho. Jumba limelipiwa na mfalme wa chuma wa Marekani, halafu halikusimamishwa kwa fremu ya chuma. Kuta zenyewe ndizo zilizobeba mzigo, matofali juu ya matofali, mnene ajabu. Teknolojia ya kusimamisha majengo kwa fremu za chuma ndiyo kwanza ilikuwa inaingia. Hili likawa miongoni mwa majengo makubwa ya mwisho kujengwa vile New York. Kumbukeni hizo kuta nene, tutazirudia.

Mei 5, 1891 milango ikafunguliwa, hata mwaka haujaisha tangu jiwe la msingi. Mgeni rasmi wa jukwaani ametolewa Urusi: Pyotr Tchaikovsky, aliyeongoza okestra kwa mkono wake. Enzi zile eneo lile lilihesabika pembezoni mwa mji, jirani zake ni mazizi ya farasi na yadi za makaa. Matajiri wakaja na magari yao ya farasi, foleni mtaa mzima.

Naweka koma, nachemsha chai. Nakuja.

Kijiwe Nongwa:

Uzi wa hivi lazima mtu akae na karanga. Nimepiga kambi siti ya mbele.

Fundi Spika:

Mkuu, mimi kazi yangu ni mitambo ya muziki, harusi na mikutano, hapa Dar. Nina swali la kitaalamu. Kumbi zetu mpya zina marumaru chini, vioo ukutani, dari ya jipsamu. MC akisema "bwana harusi" ukuta wa nyuma unamjibu "arusi, arusi". Nafunga spika nane na bado shangazi wa meza ya mwisho anauliza "kasema nini?" Hao wa 1891 bila maiki walikuwa wanafanyaje?

Mbeba Maboksi:

Fundi, umegusa roho ya uzi.

Tuthill alisoma kumbi za Ulaya, kisha alichofanya zaidi ni kukataa vitu. Kumbi za fahari wakati ule zilijaa mapazia mazito, taa za vioo zinazoning'inia na mapambo kila pembe. Akapunguza. Ndani kuta ni laini za plasta, zimepinda, hakuna kona kali za kukamata sauti na kuirudisha kwa hasira kama huyo MC wako. Ukuta mnene hautetemeki, kwa hiyo hauli besi. Marumaru na kioo vinairudisha sauti yote kwa mkupuo mmoja. Pale inarudi kidogokidogo, kutoka pande nyingi, inakufunika badala ya kukupiga.

Nieleze nilichokisikia kwa masikio yangu. Mbeba maboksi hanunui siti ya chini, nilikata tiketi ya roshani ya juu kabisa. Lifti haifiki huko. Kutoka usawa wa chini ni ngazi 137, nimeambiwa, na magoti yangu hayana pingamizi na hesabu hiyo. Ukifika, mteremko wa viti ni mkali kiasi kwamba miguu yako iko usawa wa kisogo cha aliye mbele, unakaa umeshika kiti kama upo kwenye daladala la mlima. Ukumbi mzima una viti 2,804 na huko juu tuko 837. Mpiga selo akatoka peke yake, mdogo kama kiberiti. Hakuna maiki wala spika. Kabla hajapiga akavuta pumzi, na ile pumzi niliisikia. Alipogusa uzi mnene wa chini kwa upinde, nikasikia ile mikwaruzo ya mwanzo kabla noti haijatoka, kama mtu anakuna mgongo wa gunia karibu na sikio langu. Mama wa pembeni akaangusha karatasi ya ratiba, wakageuka watu wa safu sita. Yaani hata ubaya wako pale unasikika vizuri.

Fundi Spika:

Hiyo ya pumzi umeniua. Kesho nawatumia wenye ukumbi uzi huu, hata kama hawatanilipa.

Chuma Cha Pua:

Samahani niharibu shughuli. Huyu Carnegie mnayempamba, mwaka mmoja tu baada ya hilo jumba kufunguliwa, Julai 1892, wafanyakazi wa kiwanda chake Homestead, Pennsylvania, walipunguziwa mishahara na kufungiwa geti. Kampuni ikaleta walinzi wa kukodi wenye bunduki kwenye mashua. Watu kama kumi wakafa, wengi wao wafanyakazi. Chama chao kikavunjwa. Yeye yuko Scotland anapunga upepo. Zamu moja ilikuwa ya saa 12 mfululizo. Hiyo plasta laini ni jasho la nani?

Mbeba Maboksi:

Chuma, hujaharibu kitu, na sina nia ya kumtakasa. Yote uliyosema ni kweli na jina lake liko mlangoni vilevile. Mimi ninayebeba maboksi saa kumi kwa siku nitaanzaje kumtetea? Niongeze tu kwamba mwanzo liliitwa Music Hall tu. Wasanii wa Ulaya wakawa wanakunja pua, kwao jina hilo lilikuwa la kumbi za vichekesho na pombe. Ndani ya miaka michache likabandikwa jina la mwenye pesa. Na pesa zenyewe hazikuwa za kutoa mara moja, kila mwaka ukumbi ulipata hasara naye akafidia.

Kijiwe Nongwa:

Kwa hiyo alikuwa mfadhili wa kwaya. Kumbe hata kule kwaya haijilipi.

Mbeba Maboksi:

Haijilipi popote duniani, Nongwa. Sasa sehemu niliyoijia.

Carnegie alifariki 1919. Mwaka 1925 Louise akaliuza kwa mfanyabiashara wa majengo, Robert E. Simon, kwa masharti kwamba libaki ukumbi kwa muda, si chini ya miaka mitano. Simon akalitunza. Akafa 1935, mwanaye wa jina hilohilo akashika usukani. Mambo yakaenda mpaka miaka ya 50, na hapo mpangaji mkubwa, New York Philharmonic, okestra iliyokuwa ikikodi zaidi ya usiku 100 kwa mwaka, akapata mchumba mpya. Upande wa magharibi kidogo mji ulikuwa unaandaa Lincoln Center, mtaa mzima wa sanaa wa kisasa, mwenyekiti wake John D. Rockefeller wa Tatu. Philharmonic ikaahidiwa ukumbi mpya wa peke yake. Simon akawaambia basi ninunueni hili, wakasema asante, tunahama.

Mwenye nyumba akifika hapo anafanya nini? Anauza. Mwaka 1957 mchoro ukatoka hadharani: ghorofa la sakafu 44, limevikwa vigae vyekundu vya kung'aa, limesimama juu ya miguu kama korongo, pale pale Carnegie Hall ilipo. Huo wekundu nimeuona kwenye picha. Ni wekundu wa kreti ya soda. Mwekezaji wake, Louis Glickman, akashindwa kukusanya pesa akajiondoa. Watu wakapumua mapema mno, kwa sababu uamuzi wa kubomoa haukufa naye. Ilibaki kwamba msimu wa 1960 ukiisha, nyundo inaingia.

Na kelele zilikuwa ndogo! Hilo ndilo linalonishangaza kila nikisoma habari hii. Wakubwa wa mji wengi walishakubali, hoja yao ikiwa New York haiwezi kulisha kumbi mbili kubwa, mpya inakuja, ya zamani imechoka, rangi inabanduka. Ni hoja ileile ya mdau wetu wa wiki iliyopita.

Aliyegoma ni mpiga fidla, Isaac Stern. Alizaliwa eneo ambalo leo ni Ukraine, akapelekwa San Francisco akiwa mtoto mchanga, na jukwaa hilo alilijua kwa miguu yake. Alikusanya watu sebuleni kwake, akapata mwenye uwezo wa kusukuma mambo, Jacob Kaplan, akaandikisha wanamuziki wenzake barua, akamwendea Meya Robert Wagner. Hoja yao ilikuwa rahisi kwa maneno na ngumu kwa sheria: jiji lenyewe linunue. Sheria ya jimbo ilibidi itungwe mahususi, na Gavana Nelson Rockefeller akaisaini. Angalieni hapo: ndugu mmoja anajenga jumba jipya, ndugu mwingine anasaini kuokoa la zamani. Juni 1960 jiji la New York likalipa dola milioni 5, kisha likalikabidhi kwa shirika lisilo la faida, Stern rais wake. Akakaa kwenye kiti hicho mpaka alipofariki 2001.

Sheria ya kulinda majengo ya kihistoria New York ilikuja 1965, baada ya jiji kushuhudia stesheni kubwa ya Penn ikivunjwa. Kwa hiyo Carnegie Hall ilipona kabla hata ya kuwa na sheria ya kuiponya.

Nimalizie na utamu. Ukumbi mpya wa Lincoln Center ukafunguliwa Septemba 1962. Sauti yake ikawa mbovu! Viti viliongezwa kinyume na ushauri wa wataalamu wa sauti, umbo likabadilishwa, wapigaji wakawa hawasikiani jukwaani. Ukarekebishwa mara kadhaa, 1976 ndani kukavunjwa kote na kujengwa upya, na bado. Mwaka 2003 Philharmonic ikatangaza inarudi Carnegie Hall kwa ndoa kamili ya taasisi mbili. Ndoa ikavunjika mwaka huohuo kabla ya ubwabwa kuiva. Ule ukumbi ukavunjwa tena ndani na kufunguliwa upya 2022 kwa zaidi ya dola milioni 500. Fundi Spika, piga hesabu hiyo kwa spika zako nane.

Fundi Spika:

Milioni mia tano za dola kutafuta kitu ambacho mpiga selo wa 1891 alikipata kwa tofali. Nimesimama.

Mtoto wa Isto:

Na huyo Simon Junior aliishia wapi na hizo pesa? Ama alinyamaza tu?

Mbeba Maboksi:

Hakunyamaza. Alinunua ardhi kubwa Virginia akaanzisha mji mpya, unaitwa Reston. Herufi tatu za kwanza ni za jina lake, R, E, S. Kuna Wabongo na Wakenya wengi wanaishi maeneo hayo na hawajui mji wao umetokana na kuuzwa kwa ukumbi wa muziki.

Mtoto wa Isto:

Wacha! Binamu yangu anaishi huko Reston, leo namwambia analala juu ya roshani ya Carnegie.

Binti Ng'ambo:

Assalaam aleikum. Nimesoma kimya tangu juu. Nauliza, watu weusi walikuwa wanaingia humo? Maana miaka hiyo Marekani tunaijua.

Mbeba Maboksi:

Waaleikum salaam, dada. Swali zuri, na jibu lake linatofautiana na kumbi nyingi za wakati ule. Jukwaani walipanda mapema. Sissieretta Jones, mwimbaji mweusi wa sauti ya juu, aliimba humo Juni 1892, jumba likiwa na umri wa mwaka mmoja. Desemba 1893 Antonín Dvořák, aliyekuwa anafundisha New York, simfoni yake ya Dunia Mpya ilipigwa pale kwa mara ya kwanza kabisa, na yeye alikuwa anawaambia Wamarekani hadharani kwamba muziki wao mkubwa utatoka kwenye nyimbo za watu weusi. Nyimbo hizo alikuwa akiimbiwa na mwanafunzi mweusi, Harry Burleigh.

Ila siku ninayoipenda ni Mei 2, 1912. James Reese Europe aliingiza okestra ya Clef Club, watu weusi zaidi ya 100 jukwaani, na banjo, mandolini na piano kumi kwa mpigo. Piano kumi! Ilikuwa harambee ya shule ya muziki ya watoto weusi. Wakati huo watu hawahawa kwenye hoteli za mji waliitwa kupiga na wakaingilia mlango wa jikoni.

Januari 16, 1938 Benny Goodman, mpiga klarineti mzungu, akaleta jazi na kupiga na Teddy Wilson na Lionel Hampton, weusi, jukwaa moja, mbele ya watu waliolipa. Kulikuwa na sehemu nyingi za nchi wasingethubutu. Rekodi ya usiku ule ilikaa kabatini nyumbani kwa Goodman miaka 12 kabla ya kutoka sokoni.

Na Mei 2, 1960, katikati ya sarakasi hii ya kununua jumba, Harry Belafonte alipiga shoo pale na kumpandisha binti aliyekuwa mgeni Marekani, Miriam Makeba. Huyuhuyu ambaye baadaye aliimba kwa Kiswahili na dunia ikasikia.

Binti Ng'ambo:

Mei 2 na Mei 2. Miaka 48 kati yake. Ahsante, nimeridhika.

Mtoto wa Isto:

Sasa kwa vile mmefika 1960, hebu niongeze yangu, kwa sababu hii story huku kwetu haisimuliwi.

Mei 19, 1961 Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi, alipiga Carnegie Hall, yeye na kikundi chake pamoja na okestra ya Gil Evans. Shoo ilikuwa ya kuchangia taasisi iliyoitwa African Research Foundation. Mnajua hiyo ni nini? Ilianzishwa 1957 na madaktari wapasuaji, mmoja wao Michael Wood aliyekuwa akifanya kazi Nairobi. Baadaye ikabadilisha jina ikawa African Medical and Research Foundation. Amref, wadau. Wale daktari wa ndege wa Wilson Airport. Babangu aliendesha gari lao miaka ya 80, mimi nimekua nikiona nembo yao kwenye koti lake la baridi, na sikujua Miles Davis aliwahi kuwatolea jasho.

Kijiwe Nongwa:

Eeeh! Yaani tarumbeta la Manhattan lilikuwa linatafutia watu dawa Afrika Mashariki?

Mbeba Maboksi:

Isto, heshima. Hii mimi nilikuwa naijua nusu, nilijua kisa cha mabango. Ngoja niunganishe.

Katikati ya shoo Max Roach, mpiga ngoma na rafiki wa Miles wa siku nyingi, alipanda akakaa ukingoni mwa jukwaa na bango: Afrika kwa Waafrika, Uhuru Sasa. Aliamini taasisi ile iko karibu na wakoloni kuliko na Waafrika. Miles akaacha kupiga akatoka. Roach akaondolewa, Miles akashawishiwa akarudi, na wanaoipenda rekodi ya usiku ule wanasema alirudi na moto. Tanganyika ilikuwa imepata serikali ya madaraka siku 18 tu kabla. Kenyatta alikuwa bado kizuizini. Kwa hiyo bango lile halikuwa la kuropoka, ingawa na gari la daktari nalo kijijini lilihitajika. Siwezi kuwaamulia wale wawili, hata leo.

Chuma Cha Pua:

Mimi naweza. Niko na Roach. Lakini mtoto wangu akiumwa Loliondo niko na Amref. Endelea.

Mtoto wa Isto:

Chuma umetuonea na umetutendea haki kwa sentensi mbili. Na hiyo pesa ya Carnegie ilifika Nairobi kwa njia nyingine pia: maktaba ya McMillan, 1931, shirika lake la Carnegie Corporation lilichangia. Wazungu peke yao walisoma humo kwa miaka mingi. Wale simba wawili wa mawe mlangoni walikuwa wanatulinda sisi tusiingie.

Fundi Spika:

Mkuu turudi kwenye sauti. Jengo la miaka 130 halikuwahi kuharibiwa na mafundi? Siamini. Mafundi nawajua, mimi ni mmoja wao.

Mbeba Maboksi:

Haha, Fundi, liliharibiwa, tena na watu walioitakia mema.

Mwaka 1946 walipiga filamu humo. Wakatoboa dari juu ya jukwaa ili wapitishe taa na hewa. Filamu ikaisha, tundu likabaki, likafunikwa kwa turubai na mapazia kwa miaka 40. Watu wakasikiliza muziki wa daraja la kwanza duniani chini ya turubai, na wengine wakaapa kuwa siri ya sauti ni hilo tundu.

Mwaka 1986 jumba likafungwa miezi saba kwa ukarabati mkubwa, tundu likazibwa kwa plasta, rangi, viti, kila kitu. Desemba likafunguliwa, linang'aa. Wapigaji wakaanza kunung'unika: besi imekwenda wapi? Sauti imekuwa kali. Wakaambiwa ni mawazo yao. Kukawa na fununu kwamba chini ya mbao za jukwaa kumemwagwa zege, uongozi ukakana. Mwaka 1995 mbao zikaanza kupinda, zikang'olewa. Zege hilo hapo! Likavunjwa, zikawekwa mbao juu ya mbao kama zamani, na besi ikarudi.

Fundi Spika:

Mtoto wa watu anaambiwa masikio yake ni mabovu miaka tisa. Hii nimewahi kufanyiwa na mwenye ukumbi mmoja hapa mjini, sitamtaja, bado ananidai waya.

Mbeba Maboksi:

Na kuna walioumia bila sauti. Juu ya ukumbi, tangu miaka ya 1890, waliongeza minara yenye studio zaidi ya 100, madirisha makubwa ya mwanga wa kaskazini. Wachoraji, wapiga picha, walimu wa kuimba na wa kucheza waliishi na kufundishia humo. Marlon Brando aliwahi kukaa, Leonard Bernstein naye. Kuanzia 2007 uongozi ukaamua kuwatoa ili iwe ofisi na madarasa ya muziki. Wapangaji wa mwisho waliondoka 2010, mmoja wao mpiga picha Editta Sherman, bibi wa miaka 98, aliyekaa humo zaidi ya miaka 60. Jumba lililookolewa kwa kelele za wasanii likatoa wasanii kwa notisi. Sina cha kulipamba hilo.

Mengine kwa haraka. Beatles walipiga Februari 12, 1964, shoo mbili. Martin Luther King alihutubia Februari 1968, wiki sita kabla hajauawa, siku ya kumkumbuka Du Bois, mwanazuoni mweusi aliyepigania haki. Kando ya jumba, 1991, likasimama ghorofa jembamba la sakafu 60 ambalo kodi ya ardhi yake inalisha ukumbi. Ghorofa lilikuja tu, ila pembeni. Na chini kabisa wakachimba mwamba wakafungua ukumbi wa tatu mwaka 2003, Zankel, viti 599. Treni inapita ubavuni mwake, na kipande kikiwa cha taratibu unaisikia inanguruma chini ya viatu. Fundi, hiyo ndiyo besi ya bure.

Kijiwe Nongwa:

Mkuu, shemeji yangu yuko Bronx, amesoma uzi huu anauliza: hapo Carnegie Hall mtu anafikaje?

Binti Ng'ambo:

Mazoezi, shemeji. Mazoezi tu. (Hii ni mizaha ya wenyewe New York, mume wangu anairudia kila akiona fidla.)

Mbeba Maboksi:

Dada umeniwahi! Ila shemeji asiyepiga kitu achukue treni D, ashuke 59th Street–Columbus Circle, atembee dakika tano. Tiketi ya roshani, avae viatu vya kawaida, afike nusu saa mapema. Zile ngazi ukizipanda mbio unasikiliza moyo wako kipande chote cha kwanza.